Kilumi Ndani ya Simu: Ngoma ya Uganga ya Wakamba na Swali la Uhifadhi wa Fasihi Simulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, bila shaka umewahi kukutana na swali la namna hii: eleza ubora wa kanda za video katika kuhifadhi fasihi simulizi. Jibu lake tunalijua sote, na wengi wetu tumelifundisha hadi likawa kama wimbo wa shule. Video hunasa sauti pamoja na kiimbo chake. Video hunasa ishara za uso na miondoko ya mwili, tofauti na maandishi ambayo huacha maneno makavu. Hadhira ya baadaye itauona utendaji kama ulivyokuwa. Mtahiniwa akiandika hayo hupata alama zake, nami sina nia ya kumnyang'anya.

Ninalotaka tulijadili katika makala haya ni yale maneno mawili ya mwisho, "kama ulivyokuwa". Nimechagua kilumi, ngoma ya uganga ya Wakamba, kwa kuwa ndiyo iliyonifunza kuyatilia shaka. Kilumi kipo Kitui na Makueni, na siku hizi kipo pia katika simu ya kila kijana mwenye bando. Liandike neno lenyewe kwenye YouTube nawe utaletewa vipande vingi, virefu kwa vifupi, vingine vimerekodiwa kwa kamera nzuri na vingine kwa simu inayotikisika mkononi. Mwalimu anayetafuta mfano hai wa kuwaonyesha wanafunzi huona amepata hazina. Hata mimi niliona hivyo.

Tuanze na jambo lenyewe kabla ya rekodi yake. Neno kilumi hutaja mapigo, wimbo na uchezaji kwa pamoja, sawa na neno letu "ngoma" ambalo ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na tena katika pwani ni shughuli nzima ya kupunga pepo. Wapigaji na waimbaji wa kilumi aghalabu huwa wanawake, hasa wa makamo na vikongwe. Mmoja huongoza, wengine humpokea. Paul Kavyu, aliyeandika An Introduction to Kamba Music (1977) na baadaye Drum Music of Akamba (1986), ni miongoni mwa wachache walioichukua ngoma ya Wakamba kuwa taaluma kamili, na mwalimu anayeweza kuvipata vitabu hivyo asivikose.

Wanaoitwa na ngoma hiyo ni aimu, yaani roho za waliotangulia. Kuna aimu wa ukoo wanaojulikana kwa majina, na kuna wageni ambao hakuna ajuaye walikotoka. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliyefariki mwaka 2019, alieleza katika African Religions and Philosophy (1969) kwamba marehemu bado yu hai kwa namna fulani maadamu yuko mtu anayemkumbuka kwa jina. Basi ugonjwa mwingine, kwa mtazamo huo, ni dai la kukumbukwa. Mtu akiugua na maradhi yasisikie dawa, jamaa zake humwendea mundu mue, mganga na mpiga ramli. Huyu naye ana muziki wake: huugonga uzi wa upinde kwa kijiti huku akiimba kuwaita aimu, kisha humimina mbegu kutoka katika kibuyu na kuzisoma kwa hesabu. Kwa hiyo hata kabla ngoma haijaletwa uwanjani, muziki umekwisha kutumiwa kuuliza swali. Kilumi ni mojawapo ya majibu yanayoweza kutoka.

Kilumi kikiitishwa, mapigo huanzishwa na nyimbo hubadilishwa hadi upatikane ule unaomgusa iimu aliye ndani ya mgonjwa. Mgonjwa hutetemeka, huinuka, hucheza, pengine huanguka. Kisha husema, na anayesema kwa kinywa chake si yeye. Waliotafiti Ukambani mwanzoni mwa karne ya 20, akiwemo Msweden Gerhard Lindblom, waliandika kwamba aliyepandwa aliweza hata kusema lugha ya kigeni, na kudai nguo au chakula fulani. Jamaa husikiliza, hujadiliana, hukubali ama huomba muda. Ngoma hiyo hiyo hupigwa pia kuomba mvua, na katika nchi kame kama Kitui na Makueni, ambako mkulima huitazamia sana mvua ya Oktoba hadi Disemba, hilo si jambo la pembeni. Mwili wa mtu na ardhi hupigiwa ngoma moja kwa kuwa vyote viwili hudhaniwa kuugua kwa sababu moja: uhusiano na waliotangulia umelegea.

Sasa tuulize swali la darasani. Kilumi tukiweke katika utanzu gani?

Nimesahihisha majibu mengi ya wanafunzi wanaokiita ngomezi, kwa sababu tu kuna ngoma. Jibu hilo halitoshi. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliitenga ngomezi kuwa utanzu wa kujitegemea, na maana yake ni mapigo yanayochukua nafasi ya maneno: ngoma huiga toni za lugha, na anayeijua lugha hiyo husikia ujumbe. Mapigo ya kilumi hayatafsiriki kuwa sentensi. Hayamwambii iimu jambo. Yanamwita, na yakiwa siyo ya kwake haji. Wengine watasema kilumi ni wimbo wa kidini. Ni kweli kwamba nyimbo zimo, lakini ukiuandika wimbo wa kilumi ubaoni na kuuchambua kwa takriri na kibwagizo, utakuwa umechambua kamba ya mtego na kumwacha mnyama. Wengine tena watasema ni miviga, na hao wamekaribia zaidi: pana mahali maalumu, pana utaratibu, pana waliopewa kazi, na mtu huingia katika hali moja na kutoka katika nyingine.

Hata hivyo, miviga tuliyoizoea vitabuni, kama jando na harusi, hujulikana mapema itakwishaje. Kijana atatahiriwa, bwana na bibi wataoana. Kilumi hakina ahadi hiyo. Huenda iimu akasema, huenda akanyamaza. Huenda akakubali mbuzi, huenda akakataa. Wanawake waliokesha wakipiga ngoma hawajui kama alfajiri itawakuta wamefaulu. Hapa ndipo ninapoona kiini cha sanaa ya kilumi, na naomba ukitafakari vizuri, kwa kuwa hoja yote iliyobaki inasimama juu yake: urefu wa utendaji haumo mikononi mwa fanani. Umo mikononi mwa mgonjwa, au tuseme, mikononi mwa yule anayesadikiwa kuwa ndani yake. Fanani wa ngano huijua tamati yake hata kabla ya kusema paukwa. Mpigaji wa kilumi hana tamati, ana mgonjwa tu.

Aidha, tazama jinsi istilahi zetu zinavyotikisika hapa. Fanani ni nani? Wapigaji? Mundu mue? Mgonjwa, ambaye ndiye anayetazamwa na kusikilizwa kuliko wote, lakini ambaye kesho atasema hakumbuki alilolisema? Na hadhira ni nani? Majirani waliozunguka uwanja wanaimba na kupiga makofi, kwa hiyo ni hadhira tendi kama tunavyofundisha. Lakini ngoma hairindimi kwa ajili yao. Hadhira iliyokusudiwa haionekani. John Janzen, katika Ngoma: Discourses of Healing in Central and Southern Africa (1992), alionyesha kwamba katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia Kinshasa na Dar es Salaam hadi Cape Town, ngoma za uganga humfanya mgonjwa kuwa mshiriki na pengine hatimaye mganga. Nadhani hiyo ndiyo njia bora ya kumwona mgonjwa wa kilumi: si mhusika, si mtazamaji, bali ni mtu ambaye tukio zima linamsubiri.

Tukirudi sasa kwenye simu, mambo yanaanza kuonekana vizuri zaidi.

Vipande vya kilumi vinavyozunguka mtandaoni vimetoka mahali pawili tofauti, na mtumiaji wa kawaida havitofautishi. Baadhi ni vya jukwaani: sherehe za kitaifa, hafla za kaunti, tamasha za muziki, maonyesho ya vikundi vya utamaduni. Jukwaani kikomo cha dakika kimekwisha kuwekwa na waandalizi. Hakuna mgonjwa, yupo mchezaji anayeigiza mgonjwa, naye atapona katika dakika ya saba kwa kuwa ya nane ni ya kikundi kinachofuata. Sisemi hili kwa dharau. Hayo ni maigizo halisi, yana sanaa yake, na vikundi vingine vinayafanya kwa ustadi mkubwa. Ila mwalimu akiyaonyesha darasani na kusema "hiki ndicho kilumi", amefanya kosa ambalo angelikemea kwa mwanafunzi aliyesema kwamba tamthilia juu ya mazishi ni mazishi.

Vipande vingine ni vya uani kwa watu, na hivi ndivyo vigumu zaidi. Aliyerekodi ni jamaa, jirani au mgeni. Kanda inaanza pale mgonjwa anapotikisika na inakatika pale anapoanguka. Saa nzima ya mapigo yaliyojaribiwa na kushindwa haimo. Mazungumzo ya baadaye kati ya jamaa na iimu, ambayo kwa hakika ndiyo matibabu, hayamo. Si vigumu kuelewa sababu. Simu ina nafasi ndogo, bando ni ghali, na kwenye TikTok na WhatsApp mtu hutazama kinachotikisika, wala hatazami wazee wakishauriana. Basi kilichokatwa ni kule kusubiri, na kilichobaki ni kuanguka. Mtazamaji wa Mombasa au Minnesota huona mwanamke akianguka bila sababu na bila matokeo. Akiwa mcha Mungu atasema ni mapepo; akiwa mpenda mizaha atacheka; akiwa mwalimu wa Kiswahili atasema ni mfano mzuri wa matumizi ya viungo vya mwili.

Hapa nilipofika naomba kusimulia kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya kutwa upande wa Makueni, niliwaletea Kidato cha Tatu kipande cha namna hiyo, cha dakika zisizozidi nne. Nilikuwa nimeazima projekta na nimejiandaa vyema: fanani, hadhira, mandhari, maleba, vyote nimevipanga ubaoni. Ngoma ilipoanza, mvulana mmoja aliinua mkono akaomba kutoka nje. Alisema nyumbani kwao wameokoka na sauti ile haisikizwi. Nikamruhusu. Wengine walikuwa wakicheka, hasa pale mama wa kwenye video alipoanguka na leso ikamtoka kichwani. Nami, nakiri, sikuwazuia mapema, kwa kuwa nilifurahi kuona darasa lililochangamka. Msichana mmoja wa viti vya nyuma alitoka bila kuomba ruhusa. Jioni alikuja ofisini. Nilitazamia kusikia habari za wokovu tena. Akaniambia, "Mwalimu, yule mama anayeanguka ni wa kwetu."

Sikuwa na jibu la kumpa, na silo nililolipata baadaye ninalotaka kukueleza. Ninachotaka tukione ni kwamba hakuna kipengele hata kimoja ubaoni pangu kilichokuwa na nafasi ya jambo lile. Tulikuwa tumemwita yule mama "fanani". Kumbe alikuwa mgonjwa. Mwanafunzi akienda hospitali ya Wote au ya Kitui, hatarajii kupigwa picha akiwa kitandani na picha hiyo ikatolewa mfano katika somo la biolojia. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu habari ya afya ya mtu kuwa nyeti. Nayo Sheria namba 33 ya mwaka 2016, inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inataka jamii yenye mali hiyo iombwe idhini, na izipe serikali za kaunti wajibu katika kulinda mali hizo. Katiba ya 2010, ibara ya 11, ndiyo iliyofungua mlango huo. Sisi tunaofundisha uhifadhi wa fasihi simulizi tumezoea kuorodhesha matatizo ya mkusanyaji: gharama, ubovu wa barabara, wenyeji wanaoshuku, wenyeji wanaodai malipo. Labda ni wakati wa kuacha kuiita shaka ya mwenyeji "tatizo".

Tena shaka hiyo ina historia, hasa katika Makueni. Ni Nzaui ambako wamisionari wa Africa Inland Mission walifungua kituo chao cha kwanza mwaka 1895. Mkamba aliyebatizwa alitakiwa kuiacha ngoma, na mpaka kati ya nyumba iliyookoka na nyumba inayopiga kilumi bado upo. Yule mvulana aliyetoka darasani alikuwa amesimama juu yake. Mwaka 1911 Ukambani ulipotikiswa na wimbi la watu kupandwa na pepo na kucheza ngoma, mwanamke aliyeitwa Siotune wa Kathuke na kijana Kiamba wa Mutuavio walitajwa kuwa viongozi, na serikali ya kikoloni, iliyoliona jambo lile kuwa uasi, ikawahamisha mbali na kwao. Kisha ikaja sheria ya uchawi ya 1925, ambayo haikujali sana tofauti kati ya anayeroga na anayeganga. Mtu ambaye bibi yake aliishi katika nyakati hizo, na ambaye leo anamwona kijana akiinua simu uwanjani, ana haki ya kuuliza anarekodiwa apelekwe wapi.

Je, basi tuseme teknolojia inaua fasihi simulizi? Hilo nalo ni jibu la mtihani, na mimi silikubali. Uganga wa ngoma haujawahi kuogopa ugeni. Tumekwisha kuona kwamba Wakamba walipandwa na pepo wa kigeni waliosema lugha za kigeni. Pwani na Zanzibar ni hivyo hivyo: kuna pepo wa Kihabeshi, wa Kimasai, wa Kizungu, na wale wa kibuki wenye asili ya Bukini ambao hutaka brandi. Kila mgeni aliyeingia nchini, awe mfanyabiashara, askari au mtawala, alipata nafasi yake katika ngoma na akaimbiwa. Sanaa iliyommeza Mzungu haiwezi kushindwa kuimeza simu.

Hata lugha yetu inashuhudia. Chukua neno "mteja". Wasomaji vijana hulijua kwa maana ya mnunuzi, na Kenya nzima hulijua kwa ile sauti ya simu inayotuambia kwamba mteja wa nambari tuliyopiga hapatikani kwa sasa. Katika Kiswahili cha zamani mteja alikuwa mtu aliye chini ya matibabu ya mganga. Ndiye aliyepigiwa ngoma ili aliye ndani yake apatikane. Neno limetoka kilingeni likaingia kwenye simu bila kuomba ruhusa ya mtu, nasi hatukusema kwamba limekufa.

Faida za rekodi zipo, tusizifiche. Kuna mjukuu aliyezaliwa Nairobi asiyepata kuisikia sauti ya nyanya yake ikiongoza wimbo ila katika simu. Kuna mpigaji kijana wa Mwingi anayejifunza pigo kwa kurudia kipande mara hamsini, jambo ambalo hakuna mzee angemvumilia. Na tuna mfano mzuri kutoka upande mwingine wa nchi yetu: nyimbo za Wakipsigis ambazo Hugh Tracey alizirekodi mwaka 1950, zikahifadhiwa Afrika Kusini, zilirudishwa kwa wenyewe katika miaka ya 2014 na 2015, kwa ushirikiano wa maktaba aliyoianzisha na Ketebul Music ya Nairobi. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai, wakajisikia. Lakini kumbuka kwamba baadhi ya nyimbo zile zilikuwa za burudani. Anayesikia sauti yake ya ujana ikiimba hufurahi. Sijui ni wangapi wangefurahi kurudishiwa usiku waliougua.

Kwa hiyo nashauri hivi, nami ni mwalimu kama wewe, unaweza kunikosoa. Kipande cha kilumi tukihakiki kama utungo mwingine kabisa, wenye mtunzi mwingine. Mtunzi wa kilumi cha uani ni kundi la wanawake pamoja na mgonjwa wao. Mtunzi wa kipande ni aliyeshika simu na aliyeamua wapi pa kukata. Hakuna jambo geni hapa. Tukihakiki riwaya tunauliza nani anasimulia, anaona nini, anaficha nini. Walter Ong, katika Orality and Literacy (1982), aliita sauti za redio na televisheni usimulizi wa awamu ya pili, ambao umesimama juu ya maandishi na mitambo ingawa masikio yetu huusikia kama ule wa kwanza. Mwanafunzi akifunzwa kuuliza maswali ya msimulizi mbele ya video, atauona usimulizi huo wa pili bila kuhitaji jina lake. Kamera imesimama upande gani, wa wapigaji au wa watazamaji? Tunamwona mgonjwa uso au mgongo? Tunasikia ngoma tangu ilipoanza au tangu ilipopamba moto? Kichwa cha video kinasema nini: "uchawi", "densi ya Kikamba", au jina la kijiji? Nimekuta mara nyingi kwamba kichwa pekee kinatosha somo zima la dakika arobaini.

Kuhusu vipande vya uani vyenye mgonjwa halisi, mimi siku hizi sivionyeshi darasani. Ninatumia vya jukwaani, na ninasema wazi kwamba ni vya jukwaani. Wanaotaka zaidi nawatuma kwa wazee wa kwao, waende bila simu, waulize jambo moja tu: kilumi cha mwisho alichokihudhuria kiliendelea kwa muda gani, na nini kilikikatiza. Wanafunzi wa nyumba zilizookoka huuliza kuhusu nyimbo za maombi ya wagonjwa kanisani kwao, na mlinganisho unaotokea baadaye darasani huwa mkali na mtamu, kwa kuwa huko nako kuna kuongoza na kupokea, kuna kusubiri, na kuna simu zilizoinuliwa.

Mwaka uliofuata kosa lile, niliwapa wanafunzi wangu swali lile lile la ubora wa video. Mmoja wao, baada ya hoja nne za kawaida, aliongeza: "Lakini katika kilumi video inaonyesha mgonjwa akianguka, haionyeshi kama alipona." Nilimpa alama ya hoja hiyo.

Mtahiniwa, ukitaka kuitumia hoja ya namna hii, iweke baada ya zile zinazotarajiwa, wala usiifanye badala yake. Mtahini ana mwongozo mbele yake na muda mfupi. Eleza kwanza kwamba video hunasa sauti, kiimbo na miondoko. Kisha useme kwamba hainasi muktadha wote wa utendaji, na utoe mfano mmoja mahususi wenye jina la ngoma, mahali, na kipengele kilichoachwa. Usiandike "mila zetu" au "mababu zetu" kwa jumla. Andika kilumi, andika Kitui au Makueni, au andika ngoma ya kwenu unayoijua, na kama anayechezewa ngoma hiyo ni mgonjwa, mwite mgonjwa.